Vikombe Viwili vya Dirishani

Kuna mlio mmoja ambao ukinikuta na kijiko mkononi, kijiko husimama hewani. Ni mlio wa kikombe cha bati kikigusa mwenzake. Hauna makelele. Ni ting ndogo, kisha kimya, kisha ting nyingine, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi na kungoja ajibiwe. Jikoni kwangu hapa Kajiado vikombe viwili vinaning'inia kwenye misumari karibu na dirisha, na alasiri upepo ukianza kuvuma huanza mazungumzo yao. Mume wangu aliwahi kuniuliza mbona nisivihamishe. Nilimjibu kwamba vimezoea dirisha. Yeye ni mwepesi wa kucheka, akacheka, nami nikamwacha acheke. Lakini nyinyi nitawaambia, maana jambo lenyewe ni la zamani na wengi waliolibeba wameshapumzika.

Nililelewa Kitengela, wakati mji ulikuwa bado unabishana na nyika nani mwenye ploti. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho upande wetu. Baada ya ua wa seng'enge ilianza migunga ile mifupi yenye vinundu vyeusi. Sisimizi hutoboa vile vinundu, na upepo ukipita kwenye matundu, mti mzima hupiga mbinja. Mgeni akiusikia mara ya kwanza hugeuka kuangalia ni nani anamwita. Sisi watoto tulikuwa na sheria yetu: ukisikia mbinja usigeuke, na ukisikia jina lako likitoka huko usiitike, hata kama sauti ni ya mama yako.

Nyumbani tulikuwa baba, mama na mimi. Vikombe vyetu vya chai, vyenye maua mekundu, vilikaa kabatini. Hivyo viwili vya bati, vyeupe na ukingo wa buluu, vilikaa dirishani peke yao na hakuna aliyevinywea. Wageni wakizidi vikombe, mama aliazima kwa jirani wala hakuvigusa vile. Kila Jumamosi alivishusha, akavisugua kwa majivu mpaka vikang'aa, akavitundika tena. Nilipouliza ni vya nani, alisema, "Ziko sawa hapo." Mama yangu alikuwa fundi wa kujibu swali ambalo hukuuliza.

Alikuwa na tabia nyingine pia. Jioni akiniita kutoka kucheza, nikishaingia ndani hakufunga mlango mara moja. Alisimama ameushika, akitazama nje kwenye vumbi, kwa muda ambao mtu mwingine, au wawili, wangeweza kupita. Ndipo akafunga. Nilidhani akina mama wote hufunga mlango hivyo, mpaka siku niliyokwenda kwa rafiki yangu Mutheu nikaona mama yake akiubamiza hata kabla kisigino changu hakijamaliza kuingia.

Na kulikuwa na wale wanawake. Sisi ni Wajaluo, watu wa upande wa ziwa, lakini mama alituchagulia kanisa la Wakamba. Nilijua nyimbo nyingi za Kikamba na sikujua hata sala moja ya Kijaluo. Baba alinitania kwamba nitaolewa Machakos na hakuna mtu wa kwetu atakayeelewa harusi. Nyumbani niliitwa Beril, basi. Jina langu la pili, Akelo, liliishi shuleni kwenye rejista, na sikujua kwamba lina maana yoyote. Lakini mara mojamoja, sokoni au kliniki, mwanamke wa kwetu alisikia jina langu likiitwa lote. Alinitazama, akatabasamu, halafu macho yake yakaruka bega langu, yakaenda nyuma yangu, yakatafuta. Ilikuwa kama anatazamia watu wengine waingie mlangoni.

"Na wale wengine wako wapi?" mmoja aliuliza siku moja tukiwa kwenye foleni ya dawa.

Mama alinishika mkono tukaondoka bila dawa. Njia nzima nilikuwa nikigeuka kuangalia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilipofika darasa la tano tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, Madam Nashipai, mzaliwa wa Kajiado. Alikuwa mrefu, sauti yake haikupanda hata akikasirika. Alisimama mlangoni akatusalimia kwa Kimaasai, "Supa," wala hakuanza somo mpaka darasa zima, Wamaasai na Wakisii na sote, liitikie "Ipa." Kila Jumatatu aliandika neno moja jipya ubaoni. Kazi yetu ilikuwa kulitumia nyumbani, kwa sentensi yetu wenyewe, mzazi akisikia. Alisema neno lisilotoka nje ya geti la shule ni kama ng'ombe anayelala njaa zizini. Wazazi wetu walivumilia mengi mwaka ule. Baba yake Mutheu aliitwa "reluctant," yaani mtu wa kujivuta, wiki nzima, na alikubali kwa sababu alidhani anasifiwa.

Jumatatu moja neno likawa "superfluous." Tuliliimba mpaka ndimi zikalegea, kisha akatueleza.

"Najua mtaandika ni kitu mingi sana," alisema. "Hapana. Mvua ikinyesha mpaka ibebe nyumba, hiyo ni excessive. Imepita kipimo na inaumiza watu. Superfluous haiumizi mtu. Iko tu. Kazi yake imeisha, ama haikuwa na kazi kutoka mwanzo."

Akatoa mfano wa mtungi uliojaa na mtu bado anamimina, yale maji yanayomwagika chini. Darasa likaangua kicheko. Kitengela ya siku zile maji yalikuja kwa mkokoteni wa punda, na mtu wa kumwaga maji hakuwa amezaliwa. Msichana mmoja mcheshi akainua mkono. "Madam, kwetu tuko watoto wengi mpaka tunalala kama sigara kwa pakiti. Wengine wetu si ni superfluous?"

Tulicheka tena, lakini mwalimu hakucheka. Alitembea mpaka kwenye dawati lake.

"Kwetu hatuhesabu watoto, na hatuhesabu ng'ombe," alisema taratibu. "Hiyo neno si ya watu. Na hata kama ni kitu, kabla uiite hivyo, uliza kwanza kama iko na mwenyewe."

Niliyasikia maneno hayo kwa sikio moja tu. Tayari nilikuwa nimeshapata sentensi yangu.

Siku hiyo hiyo, tukinywa chai na jua bado liko nje, upepo uliamka. Dirishani vikaanza. Ting. Nilisimama kama tulivyofundishwa, mikono nyuma, nikasema kwa Kiingereza kwamba vile vikombe viwili vya dirishani ni superfluous. Baba alielewa. Mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu, nilimtafsiria kwa furaha zote. "Yaani hazina kazi, Mum. Hakuna mtu atazihitaji."

Baba aliweka kikombe chake mezani polepole mno. Mama aligeuka kutazama dirisha. Vikombe vikagongana mara moja, vikatulia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama nimekula, "Nani amekuambia hawatakuja kuzihitaji?"

Sikuwa nimemtaja mtu yeyote. Sasa walikuwapo, zaidi ya mmoja, na walikuwa wanakuja.

Baba alitoka nje na simu, akaongea Kijaluo kwa muda mrefu akitembea kando ya ua, mbinja za migunga zikimwingilia maneno. Baada ya siku chache Dani akafika. Ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye maneno marefu. Aliushutumu mji wetu tangu getini. Hauna miti ya maana, vumbi lake linaingia mpaka kwenye meno, na hata kuku wa Kitengela wanatembea kama wanaotafuta kazi. Lakini mkoba mkubwa aliokuja nao hakumpa mtu aubebe. Aliukumbatia kwa mikono miwili, akapita nao mpaka chumbani kwangu, akafunga mlango. Mimi niliambiwa nikacheze.

Nilikwenda mpaka uani, nikarudi. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, kila kitu kikionekana wazi, na labda ndiyo maana nakumbuka vizuri hivi. Dani alikuwa ameshatoka. Kitandani kwangu, kitanda kimoja tu nilichokuwa nacho, vitu viwili vilikuwa vimelazwa sambamba. Vilikuwa na urefu wa watoto wachanga. Vilifunikwa leso moja mpaka mabegani, kama kweli vilikuwa na mabega. Pazia likavuta pumzi, likaachia. Nilisogea nikashika ncha ya leso, nikaivuta.

Yalikuwa ni matunda. Matunda marefu ya rangi ya kijivu, mazito, ngozi yake ya kukwaruza, kila moja na kikonyo kirefu juu kama kitovu. Sijui kama mtaniamini, lakini kuona kwamba ni matunda hakukunipunguzia hofu. Kuliiongeza. Mtu hafuniki matunda leso. Nikajua tu, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba wenye vikombe wamefika, na kwamba wamelala mahali pangu.

Nilikimbilia jikoni, nikakwama kwenye korido kwa sababu ya sauti. Dani alikuwa akisema kwa Kijaluo na mama alikuwa akijibu kwa Kiswahili, kwa makusudi, kwa hiyo nilipata nusu moja tu ya ugomvi.

"Mimi sitazika matunda," mama alisema.

Dani akasema kitu kirefu.

"Nani aliona mwili? Aje anionyeshe."

Dani akasema tena, kwa upole safari hii.

"Na siku wakirudi, mama? Wakute nilichoka nikawazika?"

Nilikohoa, au pengine nililia. Dani alitoka akanikuta, akanivuta ndani, akanikalisha kwenye kigoda kando ya jiko. Mama alirudi kwenye karai lake la vyombo akatupa mgongo. Kiswahili cha Dani kilikuwa cha kubahatisha, lakini siku hiyo kilitosha.

"Wewe Akelo," alisema. "Akelo ni mtoto anazaliwa nyuma ya mapacha. Mtu yoyote ya kwetu akisikia Akelo, anatafuta mapacha. Hawajakuambia?"

Nilitikisa kichwa.

Akaniambia. Kabla yangu walikuwapo wavulana wawili, Opiyo na Odongo. Baba alikuwa akifanya kazi ofisi ya mifugo Kajiado, na waliishi huko, karibu na mto usiokuwa na maji, mto wa mchanga ambao watoto waliuchezea mpira. Mwaka mmoja mvua ilizidi. Haikunyesha kwao, ilinyesha juu milimani, na maji yakaja mchana jua likiwaka. Wale wawili walikuwa hawajawahi kuona maji yakitembea yenyewe. Walikimbia kwenda kuyaona. Kilichopatikana ni kandambili moja, imenaswa kwenye miiba. Mimi nilikuwa tumboni.

"Kwetu," Dani alisema, "mtu akibebwa na maji na asionekane, tunazika yago. Hii tunda. Inalala mahali yake. Hapo na yeye anapata nyumba, na watu wanawacha kungoja." Akaelekeza kidevu mgongoni kwa mama. "Huyu alikataa. Akakuja kukaa huku kwa upepo, ati wakirudi, barabara ya kutoka Kajiado ni hii hii."

Upepo ulikuwa umepanda. Ting, vikombe vilisema juu ya kichwa cha mama. Watu wazima walisubiri nilie, au niulize walikuwa wanafananaje. Lakini mimi nilikuwa na swali langu moja, nililolibeba tangu mlango wa chumba, na lilikuwa zito kuliko kifo cha watu nisiowajua.

"Wakirudi," nilimwuliza Dani, "mimi nitalala wapi?"

Karai likanyamaza. Basi nikaona niwasaidie, kwa kuwa ilionekana hawakuwa wamelifikiria.

"Wao ni wa kwanza, na kitanda ni moja," nikasema. "Wakikuja, mimi ndio nitakuwa superfluous."

Mama alilijua neno hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtafsiria.

Alisimama pale povu likimtiririka viganjani. Kisha akajifuta mikono kwa gauni, akanyoosha mkono juu, akashusha kikombe kimoja, na haikuwa Jumamosi. Akamimina chai ndani yake, akatia sukari, akakoroga. Akapiga magoti sakafuni mbele ya kigoda changu akanishikisha.

"Kunywa."

Niliogopa. Niliuliza ni cha nani. Alikigeuza, akatafuta kwa kidole gumba mahali kwenye ukingo, hakupaona. "Ni ya Odongo," alisema. "Ya Opiyo imebanduka rangi hapa. Aliiangusha siku ile ile niliinunua." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiyataja majina hayo, na yalitoka kama kitu kilichokuwa mdomoni muda wote. "Kunywa, Beri. Hawawezi kukunyima."

Chai ilikuwa na ladha ya bati. Niliinywa yote, naye akinitazama koo kila nilipomeza. Nilipomaliza alimwambia Dani sentensi moja fupi, na siku hiyo ilikuwa ya kwanza kwake kumjibu kwa Kijaluo. Sikuielewa. Nilimwona Dani tu, yule mwenye maneno marefu, akiinuka bila kusema lolote na kwenda chumbani. Nilipochungulia alikuwa akiyafunga yale matunda leso moja moja, akikaza vizuri, kama anavyovalishwa mtoto kwa safari ya asubuhi. Baadaye baba aliniambia mama alisema nini. Alisema, "Tuwapeleke nyumbani."

Tulikwenda. Walizikwa upande wa nyumba ya Dani, makaburi mawili madogo, na mimi nikasimamishwa mbele kabisa kwa sababu ya jina langu. Watu waliimba. Mama hakuimba wala hakulia. Aliangalia mashimo yale kama alivyozoea kuangalia vumbi la Kitengela, na mkono wake ulikuwa begani kwangu ukinilemea. Mpaka leo nikiwa nimechoka naweza kuusikia uzito huo.

Jioni ya kwanza tuliporudi aliniita kutoka kucheza. Niliingia, na mlango ukafungwa nyuma yangu papo hapo. Nilisimama pale kwenye mkeka nikisikiliza. Nilikuwa nimeshinda, ndivyo nilivyodhani, kitanda kilikuwa changu. Lakini mlio wa ule mlango ulinihuzunisha, na sikujua kwa nini, nikaenda kula.

Vikombe hakuviondoa. Viliendelea na dirisha lao, na majivu yao ya Jumamosi.

Mtoto hupima mambo kwa urefu wa kitanda chake. Nilidhani nimeishi na mizimu, kumbe nimeishi na mama anayengoja, na mtu anayengoja ndiye huijaza nyumba hofu kuliko aliyekufa. Ilinibidi nizae wangu ndipo nielewe siku ile pale jikoni alifanya nini. Dani na ukoo mzima walimsihi miaka yote hiyo akakataa. Kisha akaona kwamba mtoto aliye hai anamwogopa mtoto asiyerudi, akachagua. Alizika tumaini lake ili mimi nipate mahali pa kulala. Sikuwahi kumshukuru, kwa sababu nilipoelewa tulikuwa tumeshampeleka kulala kando yao.

Baada ya mazishi yake nilirudi Kitengela kuifunga ile nyumba. Mji ulikuwa umeimeza nyika, maghorofa yamesimama mahali pa migunga, na upepo haukuwa na pa kupigia mbinja. Majirani walikuja kunisaidia kufunga vyombo. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, mpangaji wa ploti ya nyuma, mtu wa kwetu lakini tusiyejuana. Alikuwa akitenga vya kubeba na vya kugawa. Akafika dirishani, akavishusha vile viwili.

"Na hizi za bati? Naona ziko extra," akasema. "Nipeane?"

"Hapana," nilimwambia. "Ziko na wenyewe. Ni za Opiyo na Odongo."

Aligeuka, kikombe katika kila mkono. "Na wewe unaitwa nani?"

"Akelo."

Nikangoja. Mwili wangu ulishazoea: kwanza tabasamu, halafu macho yaruke bega, yaende mlangoni kutafuta wengine. Alivitazama vikombe, kimoja, kisha cha pili. Halafu akaniangalia mimi.